Pampu ya Laki Tatu na Nusu au ya Milioni Moja na Laki Nne? Hesabu Masaa Kwanza

Kiangazi kikianza tu, swali linaloingia kwa wingi kwenye simu yangu si la mbegu wala la dawa. Ni hili: "Afisa, nichukue pampu ya bei ya kawaida au nijibane nichukue ile ya bei kubwa? Hivi zile ni imara kweli, au tunalipia jina?"

Vijana wa Kahama wananiuliza, wa Kishapu wananiuliza, wa Geita ndio usiseme. Na si pampu peke yake. Kuna anayetaka grenda, kuna anayetaka msumeno wa mnyororo, kuna anayetaka mashine ya kukatia nyasi. Leo naomba nijibu moja kwa moja ili tusizunguke.

Msimamo wangu ni huu. Mashine ya bei kubwa inalipa mambo matatu yakitimia kwa pamoja: unaitumia masaa mengi, kazi yake ikisimama siku chache hasara inakaribia au inazidi bei ya mashine yenyewe, na spea zake zipo mahali bodaboda inaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Likikosekana moja tu, chukua ya bei nafuu, hela inayobaki nunua mbolea. Anayekwambia "ghali ndiyo imara" na anayekwambia "zote ni Mchina tu" wote wawili hawajapiga hesabu.

Tuipige sasa.

Hesabu ya saa moja

Chukua ekari moja ya nyanya ya kumwagilia, Mei hadi Oktoba. Tuseme unamwagilia kila baada ya siku tatu, masaa matano kila mara. Siku 180 gawanya kwa 3 ni mara 60. Mara 60 kwa masaa 5 ni masaa 300. Huo ndio msimu wako kwa lugha ya injini.

Sasa weka bei mbili za mfano (wewe utaweka za dukani kwako). Pampu ya kwanza laki tatu na nusu, nayo tuseme itafanya kazi masaa 600 kabla haijawa chuma chakavu. Ya pili milioni moja na laki nne, tuseme itafika masaa 2,500. Ya kwanza inakugharimu kama shilingi 583 kwa saa. Ya pili shilingi 560.

Umeona? Pesa uliyotoa dukani ni mara nne, lakini kwa saa ni karibu sawasawa. Kwa hiyo anayesema mashine ya bei "inajilipa yenyewe" kwa sababu inadumu, hajamaliza hesabu. Kudumu peke yake kunarudisha tu kile ulicholipa zaidi, na kunakirudisha baada ya misimu minane. Kama umekodi shamba la mtu kwa mwaka mmoja, misimu minane ni ndoto.

Halafu ongeza mafuta. Injini ndogo ya pampu ya inchi 2 ikikimbia kwa nguvu inakula kama lita moja ya petroli kwa saa. Masaa 300 ni lita 300. Weka shilingi 3,000 kwa lita kama mfano: ni laki tisa kwa msimu mmoja! Yaani petroli ya msimu mmoja inazidi bei ya pampu nafuu mara mbili na nusu, na sisi tunakesha tukibishana juu ya bei ya mashine.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha bei, linganisha lita. Omba muuzaji au jirani mwenye mashine hiyo uipime. Jaza tangi mpaka juu, iendeshe saa moja ikiwa kwenye kazi, halafu jaza tena kwa jagi lenye alama uone imekula kiasi gani. Hapo hapo elekeza bomba kwenye pipa la lita 200 na uhesabu sekunde. Likijaa kwa sekunde 40, unapata lita 300 kwa dakika. Mashine inayokula lita 1.2 badala ya 1 kwa kazi ile ile inakuchukulia petroli ya shilingi 180,000 zaidi kwa msimu. Hiyo ni hela ya kibarua wa palizi.

Siku ambayo haiwaki

Bei kubwa inapata maana yake siku ambayo pampu inagoma.

Nyanya ikiwa imeweka maua na matunda madogo, kiangazi cha Agosti na Septemba, jua letu la Shinyanga mnalijua. Ikikosa maji siku nne tano, inaangusha maua. Halafu ukirudisha maji kwa pupa, matunda yaliyobaki yanapasuka, mengine yanaoza kitako, lile doa jeusi chini ambalo wengi mnakimbilia kulipulizia dawa ya ukungu. Dawa haisaidii pale. Chanzo chake kikubwa ni maji ya kukatika na kurudi, ambayo yanazuia kalisi kufika kwenye tunda. Tuseme umepoteza matenga 30, kila tenga shilingi 25,000. Hiyo ni 750,000, imeondoka kwa sababu ya sili ya elfu chache na fundi aliyekuwa msibani.

Mahindi nayo yana siku zake: yakiwa yanatoa mbelewele na ndevu, usicheze na maji. Lakini viazi vitamu ukivicheleweshea siku nne, vinakusubiri. Grenda ikiharibika wakati unakata chuma cha geti, geti litasubiri mpaka Jumamosi. Kwa hiyo mashine mbili za bei sawa, mkulima mmoja, shamba moja, bado jibu linaweza kuwa tofauti. Swali ni nani anasubiri mashine ikifa: mmea au geti?

Angalieni wavuvi wa ziwani, kule Chato na Nkome. Si matajiri. Lakini injini za boti mnazoziona nyingi ni Yamaha, na wanajibana kweli kuzipata, kwa sababu injini ikizimika katikati ya ziwa usiku na upepo umeanza, hakuna cha kesho. Mvuvi huyo huyo akinunua tochi, ananunua ya bei chee na hajali. Tuige hapo.

Dhahabu inatuchanganya

Sisi tunaolima ukanda huu, kuanzia Kahama na Kakola mpaka Nyarugusu na Katoro, tuna jambo ambalo mkulima wa Iringa hana. Tunanunua mashine kwenye maduka ambayo mteja wake mkubwa ni mchimbaji.

Kwa upande mmoja ni baraka. Kwa sababu ya maduara na makarasha, Katoro na Kahama zimejaa maduka ya injini, pampu na jenereta, na mafundi wanaofungua injini ndogo kila siku ya Mungu. Karbureta, plagi, kamba ya stata, ringi, unapata bila kuagiza Mwanza wala Dar. Hiyo ni mali, itumieni.

Lakini kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni hesabu ya mchimbaji. Mwenye duara anaweza kununua mashine ya milioni tatu leo, akipata mawe mazuri wiki ijayo imerudi yote. Asipopata, anaiuza kwa hasara na kusonga mbele. Ndiyo biashara yake ilivyo. Mkulima hapati hela namna hiyo. Ekari ya nyanya ina mwisho wake, hata ikizaa vipi, na bei ya sokoni inapangwa na wengine. Kijana anayemwona rafiki yake wa mgodini anabeba mashine ya mamilioni bila kuuliza bei, naye akafuata, amenunua kwa hesabu isiyo yake.

Mtego wa pili ni mashine iliyotoka mgodini. Utaambiwa "imetumika miezi miwili tu, mzee, bado mpya." Kweli miezi miwili. Lakini kutoa maji kwenye duara ni usiku na mchana. Masaa 20 kwa siku, siku 60, ni masaa 1,200. Kwenye ekari yako ya nyanya hiyo ni misimu minne, na imefanyika kwenye vumbi la mawe. Vumbi lile likipita kwenye kichujio cha hewa, ile mafundi wanaita ea klina, linakula silinda na ringi kama msasa.

Ukilazimika kununua iliyotumika, fanya haya mbele ya muuzaji. Vuta kamba ya stata taratibu: mkono usikie ukinzani. Ikija laini kama kamba ya ndoo, iache. Fungua ea klina, pitisha kidole kwenye tundu la hewa nyuma yake: ukikuta vumbi humo ndani, ndani ya injini kumeshachakaa. Iwashe, iache ichemke dakika kumi: moshi wa bluu ni oili inayoungua. Angalia oili yenyewe: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Ghali ambayo haitakusaidia

Kuna matatizo ambayo pesa haiyatatui. Namba moja ni kina cha kisima. Pampu ya petroli inayokaa juu ya ardhi haivuti maji. Inaondoa hewa ndani ya mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unasukuma maji kupanda. Usawa wa bahari mwisho wake ni kama mita 10. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ni kama mita 9, na kwa kazi halisi hesabu 6 au 7. Kisima chako kikiwa na mita 12 kutoka mdomoni hadi kwenye maji, ya laki tatu itashindwa na ya milioni mbili itashindwa vilevile. Hapo unahitaji pampu ya kuzamisha, au ushushe mashine karibu na maji. Ukiishusha, usiweke injini ya petroli ndani ya shimo mnalochimba au mnaloingia. Moshi wake hauna huruma, unaua watu kimya kimya.

Namba mbili ni udongo. Kilimo Kwanza ilipozinduliwa mwaka 2009, pawatila zilisambaa sana wilayani. Ni mashine nzuri, za nguvu za farasi 12 mpaka 16 hivi, na kwenye majaruba yenye maji zinafanya kazi. Lakini ipeleke kwenye mbuga iliyokauka, ule udongo mweusi mzito, uone inavyorukaruka huku jirani anapita na ng'ombe wake wanne. Nimezikuta zimelala chini ya mwembe, si kwa sababu ni mbovu, bali ziliwekwa kazi isiyo yake, na spea ilipohitajika haikuwepo karibu. Kwenye luseni, mchanga wetu, habari ingekuwa nyingine. Kabla ya kuuliza mashine ni imara kiasi gani, uliza imetengenezwa kwa ajili ya shamba la namna gani.

"Bora ninunue mbili za bei nafuu"

Hii hoja naisikia sana, na naiheshimu. Kijana anasema: kwa bei ya moja ya milioni na laki nne napata nne za laki tatu na nusu. Ninunue mbili, moja ikifa nyingine ipo, na chenji inabaki.

Kwa watu wengi wenye ekari moja au mbili, hii ni sahihi. Injini nyingi za Kichina za nguvu za farasi 5.5 au 6.5 zimefuata muundo wa Honda GX160, na spea nyingi zinaingiliana. Kwa hiyo ya pili ni akiba na pia ni duka lako la spea pale shambani. Injini ya kuiga yenye jina lake yenyewe si dhambi. Imekwambia ukweli kuhusu ilivyo, na umelipa bei yake.

Lakini kuna sharti moja. Mbili zinakulinda pale tu ambapo kinachoua ya kwanza hakitaua ya pili. Kama petroli yako ni ya chupa za barabarani yenye maji, itaharibu zote. Kama kijana wako anawasha pampu bila kujaza maji ya kuanzia, ataunguza sili ya ya kwanza kwa dakika chache, na kesho ataunguza ya pili. Na akiipewa ya milioni moja na laki nne ataiunguza hiyo pia, kwa dakika zile zile.

Mbaya kuliko zote: feki

Nafuu inavumilika, feki haivumiliki. Feki ni ya laki tatu na nusu iliyobandikwa jina la kampuni kubwa ikauzwa milioni. Hapo umelipa bei ya uimara, ukapewa mashine isiyo nao. Na kwenye miji ya dhahabu, penye wateja wengi wenye haraka na pesa taslimu, mzigo wa namna hii unapata soko.

Namba ya injini iwe imegongwa kwenye chuma, si stika tu. Soma jina herufi kwa herufi, maana wanapenda kubadili moja. Nyanyua: injini halisi ya Honda GX160 ina kilo kama 15. Dai risiti ya EFD yenye aina na namba ya mashine, na dhamana iliyoandikwa muhuri na jina la duka. Muuzaji anayekupunguzia bei ili usidai risiti, amekuondolea ushahidi wako pia. Ukibambikiwa, mwenye kazi ya kushughulikia bidhaa bandia ni Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963; masuala ya ubora ni TBS. Bila risiti hutakuwa na cha kuwaonyesha.

Nawashauri pia kitu kimoja kabla hamjatoa hela kwenye mashine ya bei: nenda sokoni na majina ya spea tatu za mashine hiyo, karbureta, kamba ya stata na sili ya maji. Ukikosa mbili kati ya hizo Kahama na Katoro, hiyo mashine si ya kwako hata kama Ulaya inasifiwa. Kwa mashine ya shambani, uimara ni pamoja na spea iliyopo na fundi anayeijua.

Mimi ningenunua hivi

Kijana mwenye ekari moja, msimu wa kwanza: kodi pampu, au nunua ya bei nafuu yenye jina lake halisi. Usikope kwa ajili ya jina. Bado hujajua kama soko la nyanya litakupenda.

Mwenye ekari tatu na kuendelea za kumwagilia, mwaka wa tatu yuko kwenye biashara, masaa yake ni 900 na zaidi kwa msimu: hapo toa hela. Chukua ya bei, na ile ya zamani ibaki akiba. Huyu ndiye mashine za bei zilitengenezwa kwa ajili yake.

Kikundi cha vijana kinachopata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana kwenye asilimia 10: nunueni ya bei, lakini mteue mtu mmoja wa kuishika, mwenye daftari la masaa. Mashine ya wote bila mlinzi haifiki msimu wa pili.

Grenda, drili, na vitu vya kutumia mara mbili kwa mwezi: bei nafuu inatosha. Hela uliyookoa nunua miwani na diski nzuri, na hakikisha diski imeandikwa mizunguko mingi kuliko ya grenda yenyewe. Diski ikipasuka haichagui jicho la maskini wala la tajiri.

Msumeno wa mnyororo, kama unapasua mbao kila wiki, nunua wa kitaalamu kama Stihl au Husqvarna. Kama ni kukata matawi mara moja kwa mwaka, kodi mwenye nao.

Na yeyote utakayenunua, anzisha daftari leo. Andika masaa kila unapozima. Injini nyingi za namna ya GX160 zinataka oili ya kwanza ibadilishwe baada ya masaa 20, halafu kila masaa 100. Ni kama lita 0.6 tu kila mara. Kwa msimu wa masaa 300 hiyo haifiki lita tatu za oili. Nimeona pampu nafuu zikivuka miaka mitatu kwa mabinti wawili wa Kishapu wenye daftari, na nimeona ya bei ikifia kwenye msimu wa kwanza kwa bwana mmoja ambaye alijua tu kuongeza petroli.

Wiki hii fanya jambo moja: hesabu masaa ya pampu yako kwa msimu uliopita, kwa siku ulizomwagilia. Niletee hiyo namba kabla hujaniuliza ununue ipi, tutaanzia hapo.